Mbwa wa nani? Siku moja ya karani wa korosho na mbwa aliyeacha kula

Naanza na mbwa maana yeye ndo kisa chenyewe. Aliitwa Mtasema. Jina kampa marehemu baba mkwe, enzi hizo watu walikuwa wanamsema kwamba mzee mzima swala tano halafu anafuga mbwa, na yeye jibu lake lilikuwa moja tu, mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa yake, haingii ndani, harambi sufuria ya mtu, kwaiyo mtasema mpaka mchoke. Mzee akafariki, mbwa akabaki. Na toka siku hiyo ukiuliza pale nyumbani mbwa wa nani kila mtu anakupa jibu lake. Mama mkwe anasema wa marehemu. Baba watoto anasema wa shamba. Mi nasema wa baba watoto. Naomba uliweke hilo kichwani maana nitalirudia.

Tunakaa kijijini upande wa Newala, huku juu ya uwanda wa Makonde. Kwa asiyepajua, ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote limelala chini na Msumbiji ng'ambo, maji unayaona kwa macho yako, lakini we uliyesimama juu huna hata tone. Mto wala kijito hakuna. Mvua ikinyesha tunavuna kwenye bati inaingia kisimani, ikifika Septemba kisima kinatoa mwangwi, na kuanzia hapo ni kununua kwa dumu la lita 20 mpaka mvua za mwishoni mwa Novemba au Desemba huko. Bomba la mradi lipo, likitoka tunashukuru. Hili nalo liweke kichwani.

Mi ni karani wa chama cha msingi, yani ushirika wa wakulima wa korosho. Watu wanadhani karani wa korosho anakaa kwenye kiti anaandika. Msimu ukifunguliwa Oktoba, saa 1 asubuhi nishafika ghalani, wakulima wameshapanga magunia mpaka barabarani, kuna aliyekausha vizuri na kuna aliyeokota jana jioni akaleta leo asubuhi korosho zina maji anataka nimpimie hivyohivyo kwa sababu ana mgonjwa, na kweli ana mgonjwa, lakini zile zikifika ghala kuu zikakataliwa anayerudishiwa mzigo ni chama na anayenuniwa ni karani. Unapima, unaandika kilo, unampa mtu stakabadhi yake, anakuuliza mnada lini, hela lini, mwaka huu bei itakuwaje, kana kwamba mi ndo mnunuzi. Saa 12 jioni natoka koo limekauka na vumbi la magunia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nimeamka saa 11 alfajiri kama kawaida, nikawasha moto, nikabandika muhogo, nikamwamsha binti mkubwa ajiandae maana sekondari ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Wa katikati, wa kiume, miaka 8, yeye haamshwi, yeye huwa keshaamka yuko nje na mbwa. Kitinda mimba ana miaka 3, analala na bibi yake, na paka, Chausiku, maana paka kwa mama mkwe ni mtu wa ndani, analala hadi miguuni kwake.

Nilipotoka kumwaga majivu nikaona bakuli la Mtasema lina ugali wa jana usiku, haujaguswa. Kuku wamezunguka wanadonoa. Mbwa mwenyewe amelala chini ya mkorosho wa uani, mdomo uko wazi kidogo, udenda unashuka. Nikamwita, akanyanyua kichwa akanitazama kama mtu ambaye ndo kwanza ananiona. Nikajisemea huyu kala kitu kibaya huko, au amevimbiwa mzoga. Baba watoto yuko pembeni anafunga tenga kwenye baiskeli aende kuokota, nikamwambia mbona mbwa wako hajala, akasema nishamwona, atakuwa na mfupa kooni, ntamwangalia tena. Nikaondoka. Mambo ya asubuhi hayo, kila mtu anaongea huku anatembea.

Kuhusu huo udenda na mdomo kuachama. Wengi wetu tukisikia kichaa cha mbwa tunawaza mbwa anayekimbia njia nzima anauma kila kitu mpaka magurudumu ya pikipiki. Yupo wa hivyo. Lakini yupo na wa kimya, anajitenga, anaacha kula, taya linalegea kwa sababu misuli ya kumezea imeshashikwa, udenda unatoka kwa kuwa hawezi kuumeza, hata kubweka kunabadilika anakuwa kama anakwaruza. Ukimwangalia unaapa ana mfupa kooni. Na kitu cha kwanza binadamu mwenye huruma anafanya kwa mnyama mwenye mfupa kooni ni nini? Kuingiza mkono.

Mchana nilipigiwa simu mara 2 na mama mkwe, ya kwanza anaulizia chumvi, ya pili kitinda mimba kadondoka kajigonga anataka kuongea na mama, nikamsikiliza analia huku mkono mmoja naandika kilo 63. Sikuuliza habari ya mbwa. Ningeuliza nini sasa.

Nikafika nyumbani giza linaingia, saa 1 kasoro. Wa katikati amekaa kizingitini kimya, na yule mtoto ukimkuta kimya ujue kuna kitu, lakini nilichoka bana, nikamwambia kaoge. Shati lake la shule lina madoa ya kahawia kifuani na mkononi. Msimu wa mabibo huo, watoto wote wa huku nguo zao zina madoa ya mabibo na hayatoki hata ufue na nini, kwaiyo sikushtuka. Ila aliponipa shati nikaona mkono wa kulia kaufunga na kipande cha kanga ya zamani. Nini hicho? Paka kanikwaruza. Paka gani, Chausiku? Eeh.

Mama mkwe akadakia ndani, Chausiku toka adhuhuri yuko kitandani kwangu, hajatoka.

Nikafungua kile kitambaa. Paka hakwaruzi matundu. Kulikuwa na matundu mawili juu ya kiganja, karibu na kidole gumba, na mengine madogo upande wa chini, damu imegandia. Nikamshika kidevu nikamuuliza taratibu, sikupiga kelele, na namshukuru Mungu sikupiga kelele siku ile maana mi ni mtu wa kelele. Akaanza kulia kabla hajajibu. Akasema, "Mama usimwambie baba, baba atamkata."

Ikabidi nielewe. Kumbe miezi mitatu nyuma Mtasema alimrukia mtoto wa jirani akamchania kaptula tu, na baba watoto kwa hasira akasema mbele ya watu akirudia tena huyu namkata panga. Mtu mzima alisema akasahau siku hiyohiyo. Mtoto hakusahau. Akarudi shule saa 8 mchana akakuta mbwa hajala, akachukua ugali akaulainisha na maji akataka kumlisha kwa mkono, akaumwa, akajifunga mwenyewe, akakaa saa 5 nzima na siri yake ili mbwa asife. Kila nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Sisi wote tulikuwa tunarushiana, wa marehemu, wa shamba, wa baba watoto. Mbwa alikuwa na mwenyewe siku zote, ana miaka 8, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa kazi ikaanza. Mi si mganga lakini nilishasikia kliniki, jeraha la mbwa kitu cha kwanza ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, sio kuchovya kwenye beseni, yatiririke. Mdudu wa ugonjwa huu anakaa kwenye mate, akishapata mshipa wa fahamu anatambaa nao taratibu kuelekea kwenye ubongo, anaweza kuchukua wiki, mara nyingi mwezi mpaka miezi 3, na akishafika huko mgonjwa akaanza kuonyesha dalili basi dawa hakuna tena, unamtazama tu. Kwaiyo kila unachokitoa kwa maji kabla hajaingia ndani ni faida, na hata kama yamepita masaa unaosha tu, usiseme nimechelewa.

Dakika 15 za maji yanayotiririka, Newala, Oktoba. Nikatazama dumu la ndani limebaki chini ya robo, la kesho asubuhi hilo. Nikamtuma binti mkubwa kwa jirani mbio, akarudi na jirani mwenyewe kajitwisha dumu na binti kajitwisha lingine, yule mama hata hajauliza kuna nini, katua dumu ndo akauliza.

Na hapa mama mkwe akaleta birika lake la kutawadhia, mdomo mwembamba, maji yanatoka kama uzi. Hakuna chombo bora kuliko kile kwa kazi ile, kata ingemaliza dumu zima kwa dakika 3. Ila alikuwa ameshika na mchanga kwenye kiganja. Kwake mate ya mbwa ni najisi nzito, inaoshwa mara 7 na moja kati ya hizo kwa udongo, ndo alivyofundishwa na ndo ilivyo. Nikamwambia mama, udongo kwenye kidonda hapana, tutaufanya kwenye shati na bakuli, hapa tuoshe kwa maji na sabuni. Nilitegemea tubishane. Akafikiri kidogo akamwaga mchanga chini, akasema basi mi nahesabu. Akawa anahesabu kweli, moja, tukamaliza kupaka sabuni na kumiminia, mbili, tukapaka tena, kwa sauti ile ya mtu anayevuta tasbihi, na mtoto akinyamaza kulia kwa sababu anasikiliza hesabu. Tulipofika saba nikatazama simu, dakika 17. Peke yangu ningeishia dakika 4 nikaona inatosha.

Jirani alitaka tupake mafuta ya taa. Binti mkubwa akasema majivu, kasikia kwa wenzake. Sikupaka kitu. Na sikufunga kidonda, nikakiacha wazi, nako nilishasikia kwamba kukibana au kukishona haraka ni kumfungia mdudu ndani.

Baba watoto akaingia na baiskeli katikati ya hayo yote. Mambo yakawa kama mtoto alivyosema, ameelewa tu kilichotokea mkono ukaenda kwenye panga. Mtoto akapiga yowe. Nikasimama mlangoni nikamwambia ukimkata sasa hivi hatutajua kitu. Hii watu wengi hawaelewi, na hata yeye alinitazama kama nimechanganyikiwa, yani mbwa kamuuma mwanao unamtetea? Simtetei. Mbwa akiwa na ugonjwa mateni mwake siku anauma, mwenyewe anakufa ndani ya siku 10. Ukimfunga ukamtazama, siku 10 zikipita mzima anakula, unashusha pumzi. Akifa, umejua. Ukimkata usiku ule na kumfukia shambani umebaki na mashaka maisha. Kwaiyo tukakubaliana, mnyororo ukaongezwa kamba, watoto na paka na mbuzi mbali, maji yanasogezwa kwa fito. Akasema mbona mchana amekunywa maji, mwenye kichaa si anaogopa maji? Anayeogopa maji ni binadamu akishaugua. Mbwa anaweza akasogelea bakuli, akatia ulimi, ila maji hayapiti. Tukamulika na tochi ya simu, kweli, ulimi unaenda, maji yanarudi na udenda.

Hela sasa. Korosho zetu wenyewe zipo ghalani zinasubiri mnada, na hela ya mnada inapita benki, haiji leo wala kesho. Nikampigia mweka hazina wa kikoba, akaja na sanduku usiku huohuo, wenye funguo wengine wawili wakaitwa wakiwa na khanga za kulalia, nikakopa. Nasema hivi kwa sababu ukisoma ushauri wa kwenye vipeperushi, kuna mstari mmoja tu, nenda kituo cha afya haraka. Ule mstari ndani yake una boda wa usiku, kikoba, na mtu wa kubaki na mtoto wa miaka 3.

Zahanati yetu chanjo haikuwepo. Mganga wa zamu alifanya alichoweza, akatuosha tena, akapaka ile dawa ya kahawia, akampa sindano ya pepopunda, akatuandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Boda akasema njomba zangu shikilieni, barabara inatengenezwa, vumbi lake usiku hulioni unalila. Mtoto katikati, mi nyuma. Tumefika saa 4 usiku. Kule chanjo ipo, ila ipo kwenye friji, na friji ipo kwenye chumba, na ufunguo anao mtu wa zamu ya mchana. Siandiki ni hospitali gani. Tukalala benchi. Asubuhi saa 2 akachomwa, ile ya kiasi kidogo kabisa ndani ya ngozi, kila mkono mara 1, panavimba kama umeumwa na mbu, na akaandikiwa arudi siku ya 3 na siku ya 7. Nesi akasema kwa jeraha lililotoa damu kuna sindano nyingine ya kuzungushia kwenye kidonda chenyewe, inampa mtoto kinga ya papo kwa papo huku ya mwili ikijengeka, ila kwa wakati ule hawana. Akauliza mlimuosha? Nikamwambia mara 7. Akacheka akaandika. Akasema kuosha vile na chanjo mapema ndo vinavyowaokoa wengi huku.

Halafu akauliza swali ambalo kwangu ndo kiini cha kisa chote, na ambalo mi na akili yangu ya kupima kilo halikunijia. Nani mwingine pale nyumbani kagusana na huyo mbwa?

Nikaanza kuhesabu. Mama mkwe hamgusi, hapo dini imetukinga. Binti mkubwa hana habari naye. Kitinda mimba anakatazwa. Nikampigia baba watoto.

"We hajakuramba?"

"Hajaniramba."

"Hujamshika mdomo?"

Kimya.

"Jana asubuhi nilimtoa mfupa."

"Kulikuwa na mfupa?"

"Hakukuwa."

Vidole vya baba watoto msimu huu vikoje? Wanaojua watajua. Anabangua korosho za kula nyumbani usiku, anachoma kwenye bati, yale mafuta ya ganda yanachubua ngozi mpaka vidole vinabaki vyekundu kama vimemenywa. Mkono wa namna hiyo umeingia mzima kwenye mdomo wa mbwa anayetoka udenda. Hajaumwa, hajatoka damu, na mwenyewe alikuwa hajifikirii kabisa, alikuwa anamfikiria mtoto. Nesi akasema mate kwenye ngozi iliyochubuka ni sawa na kuumwa, aje leo. Aligoma kwanza, eti korosho ziko chini zinaota, nani ataokota. Nikamkabidhi simu nesi. Sijui alimwambia nini, saa 6 mchana alifika, na vumbi lake, akachomwa mbele ya mwanae, na mwanae akamwambia haiumi baba.

Mtasema alikufa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Hakubweka. Siku ya mwisho miguu ya nyuma ilikuwa haimbebi. Bwana mifugo akaja na glavu na buti, akakata kichwa kwa ajili ya kupelekwa kupimwa, mwili tukauchoma, pale alipolala tukamwagia dawa, Chausiku akachanjwa, mbuzi tukaambiwa tuwaangalie tabia. Akatuambia msisubiri majibu ndo mmalizie sindano, malizieni. Tumemaliza, mtoto Jumapili na Alhamisi, baba yake naye hivyohivyo, kila safari boda la watu watatu. Ghalani nilikosa siku mbili za kazi na nusu, na viongozi wa chama wakanisema, nikasemwa, nikakaa kimya, nikapima.

Sasa tulikosea wapi. Watu wameshanipa majibu mengi, wengi wananiambia ulipoona hajala asubuhi ungesimama. Labda. Lakini hata ningesimama, mkono wa baba watoto ungekuwa umeshaingia mdomoni, alimwangalia kabla mi sijaamka vizuri. Wengine wanasema mtoto angesema mapema. Mtoto alisema anachokijua, kwamba akisema mbwa anakatwa, na alikuwa sahihi, panga alilishuhudia kwa macho yake.

Mi nikirudi nyuma naona sehemu nyingine. Mwezi wa 8, wakati wa kufagilia chini ya mikorosho, mbwa mgeni alipita shambani wakapigana na Mtasema, akamng'ata sikio. Baba watoto alimfukuza yule mgeni kwa mawe, jioni akasimulia kama kichekesho. Miezi miwili baadaye tupo hapa, na kwa mbwa muda huo ni wa kawaida kabisa. Na mwishoni mwa Septemba, karibu na ile tarehe 28 ambayo dunia nzima ndo siku ya kichaa cha mbwa, bwana mifugo alikaa ofisi ya kijiji na boksi lake la barafu anachanja bure. Baba watoto akasema mama atampeleka. Mi nikasema wa katikati atampeleka. Wa katikati alienda mpaka njiani akarudi, kamba ilimshinda, mbwa wengine wakubwa walimzingira. Hakuna aliyeuliza. Na ukitazama kalenda ya huku, Septemba mwishoni ni kuokota, kila mkono uko chini ya mkorosho, mbwa mwenyewe yuko shambani anafukuza nguruwe pori. Tarehe ni nzuri kwa dunia, kwa mkulima wa korosho ni mbaya, na hili nilimwambia bwana mifugo akakiri, Juni au Julai angepata mbwa wengi zaidi.

Ila hata tungempeleka ile Septemba huenda tungechelewa, ameshang'atwa. Iliyokuwa na maana ni ya mwaka juzi na mwaka jana, na hizo nazo hakwenda. Alichanjwa mara 1 tu maishani, baba mkwe ndo alimpeleka. Mzee alishazoea toka mbwa waliomtangulia, maana kuanzia 2010 Shirika la Afya Duniani lilikuwa na mradi mkubwa wa kuchanja mbwa kwenye wilaya 28 za upande huu wa kusini mashariki, Lindi yote na Mtwara yote zikiwemo, na hesabu yao ilikuwa kwamba ukichanja mbwa 7 katika kila 10 ugonjwa unakosa pa kupita. Mzee hakuzijua hesabu hizo. Alikuwa anajua mbwa ni wake, basi, siku ya chanjo anavaa kofia anaenda. Alipofariki tuligawana mikorosho, tukagawana mbuzi, redio ikaenda kwa shemeji. Mbwa hakugaiwa.

Wa katikati sasa hivi yuko salama, kidonda kimefunga, kovu dogo karibu na kidole gumba. Alikaa kama wiki 2 haongei na baba yake, si kwa hasira, alikuwa anaona kama yeye ndo amemchongea mbwa. Baba yake siku moja akamchukua kwenye baiskeli wakaenda shamba wawili tu, sikuuliza walichoongea, jioni wamerudi mtoto anaendesha na baba anakimbia nyuma.

Kikoba nimeshalipa, na riba yake. Madumu mawili ya jirani alikataa hela, akasema maji si mkopo. Nikangoja. Mvua ya kwanza ilipopiga bati usiku, asubuhi kabla ya kazi nikajitwisha dumu, binti mkubwa lingine, tukampelekea.